Vidole Kinywani mwa Kidoti

Jumatatu, 7 Machi

Mvua tangu alfajiri. Zizi limekuwa tope tupu. Nimeteleza na ndoo, nusu ya maziwa ya Karani yamekwenda chini. Mabula mkamuaji akacheka mpaka akashika mbavu. Nikamwambia acheke vizuri, maana tope hilo atalizoa yeye.

Ndama watatu sasa wanaijua ndoo: Kidoti, Karani na Tausi. Wa nne kazaliwa juzi, bado mjinga. Kila anayesimama mbele yake ni mama yake. Leo amenyonya pindo la kanga yangu hadi likalowa. Kazi yangu ni kumdanganya. Vidole viwili kwenye maziwa, kisha kinywani. Akishika na kuanza kunyonya, nashusha mkono polepole, polepole, mpaka pua yake iingie ndooni. Baada ya siku kadhaa anagundua kwamba maziwa yako chini, hayako juu. Ndivyo Mzee Kanji, mwenye zizi, anavyotaka. Aliyaona mambo haya Nairobi, akanunua ng'ombe chotara wanaoachia maziwa bila ndama kusimama pembeni, na ndama akanikabidhi mimi. Mayu, mama mkwe wangu, anasema kazi hii ina laana: unamtenga mtoto na mama yake kisha unampa vidole. Lakini chai ya maziwa hayo hayo haiachi hata siku moja.

Jambo moja nimeliona tangu nianze. Ndama akimaliza ndoo, tumbo limejaa ila kinywa bado kina njaa. Atanyonya sikio la mwenzake, kitovu, kamba, ukuta. Kidoti na Karani wananyonyana masikio kutwa nzima. Ukuta wa ndani sasa ni mpya. Fito zilioza, Mzee Kanji akaleta mbao za tishari kuukuu, chombo cha kubebea mizigo, kutoka bandarini, nyekundu kabisa. Bai, mke wake, alifurahi. Nyekundu kwao Wahindi ni rangi ya heri. Amefunga maua juu ya mlango, Tausi ameshayala.

Kabula wangu ametoa meno mawili ya chini. Ameniuma titi leo, kisha akacheka. Mtoto huyu ana dharau za baba yake.

Jumanne, 8 Machi

Mchuuzi wa samaki aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa amekufa hospitalini. Mabula kaniambia wakati naosha ndoo. Alipoletewa kikombe cha maji alipiga kelele, wakamshika watu wanne. Mtu aliyezaliwa ufukweni, kaogopa maji.

Mbwa yule alipita hapa pia kabla hajauawa barabarani. Aliingia zizini asubuhi, mate yananing'inia. Mabula akamtoa kwa rungu. Tulikagua ndama mmoja mmoja. Kidoti alikuwa na mkwaruzo mguu wa nyuma. Tukasema ni mwiba. Umepona zamani, hata alama haionekani.

Sitaki kuliwaza jambo hili.

Jumatano, 9 Machi

Nimejikata kidole cha shahada kwa mwiba wa sato. Damu nyingi kuliko kidonda. Mayu amenifunga kitambaa na maneno.

Ndama mchanga ameshusha kichwa ndooni mwenyewe, akavuta maziwa kwa pua, akapiga chafya, akanimwagia usoni. Si haba.

Alhamisi, 10 Machi

Kidoti hakunywa. Huyu ndiye anayepindua ndoo kwa pupa. Amesimama kwenye kona, kichwa chini, mate yanadondoka. Nilidhani kitu kimemkwama kooni. Nikafanya kama ninavyomfanyia yule mchanga: nikatoa kitambaa, vidole kwenye maziwa, vidole kinywani. Hakunyonya. Ulimi umelala tu, mzito. Nikasukuma mkono hadi kwenye magego nipapase koo. Akasaga meno. Nilipotoa mkono kidonda cha sato kilikuwa kimefunguka, na mate yake yamejaa humo.

Nimeosha kwa maji ya ndoo. Nikamnyonyesha Kabula, nikapika. Kidole kinauma kidogo.

Ijumaa, 11 Machi

Kidoti haoni. Nimepitisha mkono mbele ya macho yake, hakupepesa. Anatembea mpaka anagonga ukuta, kisha anaendelea kuusukuma kwa paji la uso. Meno yanasagana, unayasikia ukiwa nje. Povu kifuani. Na analia. Vilio vyao nimevizoea. Cha njaa ni kifupi na kinarudiwa. Cha kumwita mama huanza chini kikapanda. Hiki cha leo hakimwiti yeyote.

Mabula alisimama nje, akakataa kuingia.

"Mama Kabula, huyo ni mambo ya yule mbwa."

Nikamwambia afunge mdomo wake. Kisha nikatazama kidole changu.

Naogopa. Nimeandika neno hilo ili nilione. Bado naogopa.

Jumamosi, 12 Machi

Bwana mifugo amekuja na baiskeli na bunduki. Hakusogea karibu. Akasema ndama apigwe risasi sasa hivi, achomwe moto. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusema ndiyo. Mzee Kanji akaja akasimama mlangoni pa banda, mwembamba vile, miwani imelowa mvua.

"Hapana piga. Mtoto ya ng'ombe hapana piga hapa. Piga mimi kwanza."

Bwana mifugo akamweleza kwa upole. Akamweleza kwa ukali. Mzee hakusogea hata unyayo. Bai nyuma yake analia kwa Kigujarati. Nilimchukia mzee yule, na niseme wazi, nilitamani bunduki ipige popote. Dini yake inamlinda ndama. Mimi ananilinda nani?

Ndipo bwana mifugo akaona kitambaa kidoleni mwangu. Akauliza. Nikamwambia yote. Tangu alipofika alikuwa ananiita wewe. Sasa akaniita dada, na hilo ndilo lililonitisha kuliko bunduki.

"Basi aachwe, dada," akasema. "Mnyama mwenye kichaa haponi. Akifa, tujue. Akipona, si kichaa. Mfungie peke yake, usimguse tena, umwangalie tu."

Nikaenda hospitali. Dresa amesugua kidonda kwa dawa iliyonichoma mpaka nikamtukana, naye akaendelea kusugua. Sindano za kichaa cha mbwa ni za tumboni, nyingi, na hapa Mwanza hazipo. Ameziagiza, zitakuja na meli ya Kisumu. Nikamuuliza kama naweza kunyonyesha. Akafungua kitabu, akakifunga. Akasema hajui.

Hajui. Mtu mzima, koti jeupe, hajui. Bora angenidanganya.

Jumapili, 13 Machi

Kidoti amekufa asubuhi, amelala ubavu, miguu inakimbia hewani mpaka mwisho.

Mabula na wenzake wamechimba shimo refu, wakamwaga chokaa. Bai akatupia maua. Mzee Kanji alinisogelea, akataka kusema kitu, nikageuka nikaenda zangu. Wakati wa ibada watu walikuwa wanaimba kule kanisani na upepo ulileta sauti hadi hapa. Sikuweza kwenda.

Nyumbani Kabula alikuwa mgongoni kwa Mayu, mlangoni. Akanyoosha mikono. Maziwa yalianza kunitoka yenyewe, gauni likalowa. Sikumpokea. Nikamwambia Mayu, kuanzia leo mtoto apewe maziwa ya ng'ombe, yachemshwe, kwa kikombe.

"Kwa nini?"

"Nina homa."

Akanishika shingo. Hakuna homa. Akatazama kidole, akatazama uso wangu. Amemchukua mtoto kwenye chumba chake.

Jumatatu, 14 Machi

Kabula analia. Nilikwenda kukaa nyuma ya nyumba, nikaziba masikio. Haisaidii. Kilio chake kinaanza chini, kinapanda. Mwaka mzima nimekisikia kilio hicho zizini na nikarudi nyumbani kula ugali wangu vizuri.

Asubuhi nilikwenda ufukweni kuchota maji. Nikateka kwa kiganja, nikanywa. Yakapita. Nikanywa tena kuhakikisha. Wanawake wawili waliokuwa wanafua walinitazama. Nimeanza kujipima. Kila ninapomeza mate nasikiliza koo.

Kuogopa maji, na maji yenyewe yanaanzia nyuma ya nyumba ya jirani na mwisho wake hauonekani. Mtu atajificha wapi?

Jumanne, 15 Machi

Nimekunywa. Yamepita.

Karani na Tausi wanakula vizuri. Yule mchanga hana neno. Nawapa ndoo, nasimama mbali, sitii mkono. Mabula anaona. Naye hanipokei tena kikombe, anakichukua mezani baada ya mimi kukiweka. Simlaumu. Ningefanya vilevile, labda na zaidi.

Jumatano, 16 Machi

Matiti yamekuwa mawe. Nakamua chini nyuma ya choo, nafukia na udongo ili kuku wasiguse. Nalia kwa maumivu na kwa hasira. Ni maziwa mazuri.

Kabula amekikataa kikombe tangu juzi, anakipiga kwa mkono. Leo nilichungulia dirishani. Mayu alikuwa amechovya kidole chake kwenye maziwa, akampa. Mtoto akanyonya kidole. Mayu akashusha mkono polepole, polepole, mpaka mdomo wa mtoto ukafika kikombeni. Yeye huyo, aliyesema ni kazi ya laana. Hakuna aliyemfundisha, kumbe alikuwa ananiangalia siku zote. Nilitaka kucheka nikaishia kulia, nikaondoka asinione.

Petro, mume wangu, hajui lolote. Yuko melini, anatia makaa. Meli itafika keshokutwa, na sindano zitakuwemo. Nitavumilia mpaka hapo.

Alhamisi, 17 Machi

Karani.

Mate. Kichwa chini. Hakunywa.

Baadaye. Nimetulia kidogo, naandika. Karani hakuwapo siku ya mbwa. Mzee Kanji alimnunua Nansio, akaletwa kwa mashua baada ya mbwa kuuawa. Sura yake ya kikarani, anakutazama kana kwamba umekuja saa ya mapumziko, ndiyo iliyompa jina. Mbwa hakumwona kabisa. Basi kapata wapi? Kwa Kidoti. Walikuwa wananyonyana masikio. Mate ya Kidoti yameingia kwake, kama yalivyoingia kwangu.

Hapa ndipo woga umenishika kweli. Mpaka jana nilikuwa najiambia huenda mate hayatoshi, lazima meno. Sasa nimeona mate yanatosha.

Nimemwambia Mayu ukweli. Alikaa kwenye kigoda, akafunika mdomo kwa kanga. Kisha akasema, "Mtoto nitamlea mimi, mwanangu. Wewe usimfikirie yeye." Alitaka kunituliza. Amenimaliza kabisa.

Ijumaa, 18 Machi

Meli imefika. Dresa alinipeleka mwenyewe bandarini. Masanduku yakashushwa, yakasomwa, yakapangwa. La sindano halimo. Labda safari ijayo, wakasema, kama wanazungumzia sabuni.

Petro akashuka uso mweusi wa makaa, kacheka kuniona, hajazoea kupokewa gatini. Akauliza, mtoto yuko wapi? Nikamwambia palepale, katikati ya wapagazi. Kisha akanishika mkono wenye kidonda, nami nikauchomoa. Akaushika tena, kwa nguvu. Tumetembea hivyo mpaka nyumbani Kirumba na watu wanatutazama.

Karani haoni. Anasukuma ukuta.

Jumamosi, 19 Machi

Niandike taratibu, nisichanganye mambo.

Asubuhi nilikuwa nimekaa mbali na Kabula, namwangalia tu. Amemaliza kikombe chake. Akaanza kutafuta. Akanyonya pindo la kanga ya Mayu. Akanyonya ukingo wa kigoda, anaulamba na kuung'ata na vijino vyake. Mayu akamwondoa. "Kinywa chake kinakula kila kitu tangu umwache," akasema. Nikajisikia kama mtu kaniita kwa jina.

Nikaenda zizini bila kumaliza uji. Petro akanifuata. Nikawapa Tausi na yule mchanga ndoo zao, nikasimama kuangalia. Walipomaliza, kinywa kikaanza njaa yake. Mchanga akanyonya kamba. Tausi, ambaye banda lake liko upande wa fito za zamani, akanyonya fito. Nikaenda kwenye banda la Karani na Kidoti. Mbao nyekundu juu, nyekundu chini. Katikati, kwenye kimo cha pua ya ndama, kuna ukanda wa mbao tupu kutoka kona hadi kona. Mbao zile zililetwa zimejaa rangi. Pale aliposimama Kidoti ndipo palipokwanguka kuliko kote. Nimeingia humo kila siku nikaona mbao. Sikuona ukanda.

Nikamuuliza Petro rangi imekwenda wapi. Akapitisha ukucha, gamba likabanduka, akalinusa. Uso ukambadilika.

"Hii ni rangi ya chini ya meli. Ina madini ya risasi, ni sumu. Nahodha hatuachi tule kabla ya kunawa. Kuna mzee wetu melini aliyekuwa anaikwangua miaka yote, mikono yake sasa inaning'inia, hashiki hata kijiko. Tumbo linamkata, kichwa kinamruka."

Nikasema ndama analia, haoni, anasaga meno. Petro akasema hajui ya ndama. Anajua ya mzee yule.

Nikaruka uzio nikamshika Karani kwa taya, nikasahau kuogopa. Kwenye ufizi, katikati ya meno, magamba mekundu ya rangi ileile.

Nilipiga kelele nadhani. Mzee Kanji akaja anakimbia, ndala mkononi. Tulimweleza. Akatazama zile mbao alizozichagua mwenyewe. Akachukua nyundo kwa Mabula, akaanza kuzing'oa, mzee wa miaka ile, misumari inamchana. Hakukubali kusaidiwa. Bai akapanda kigoda akatoa maua mlangoni.

Bwana mifugo ameitwa. Akasema huenda. Akasema dalili zinafanana mno. Ametoa chumvi ya haluli, ya kuiharisha sumu, tumemnywesha Karani kwa chupa, Mabula kashika kichwa huku kafunga mikono yake matambara. Akipona, si kichaa. Yaleyale ya Jumamosi iliyopita.

Jumapili, 20 Machi

Karani vilevile. Labda tumejidanganya. Labda alilamba rangi na ana kichaa pia, kwani kimoja kinazuia kingine? Kidoti alikuwa na mkwaruzo. Mkwaruzo ule ulikuwa wa kweli, niliugusa.

Jana nilijiona nimeokoka. Leo ni vibaya zaidi kuliko kabla. Petro ametaka kuniwekea Kabula mapajani. Nimekataa, tumegombana, akasema nina moyo wa jiwe. Halafu akaomba radhi. Moyo ninao. Unapiga hadi kwenye meno.

Jumatatu, 21 Machi

Petro kaondoka na meli. Ameapa ataleta lile sanduku hata kama ni kulibeba kichwani kutoka Kisumu.

Nimekunywa maji. Yamepita. Haluli tena. Karani ameharisha banda zima. Mabula hacheki siku hizi, leo kidogo acheke.

Jumanne, 22 Machi

Hasagi meno tangu asubuhi. Nimekaa naye mpaka mchana, nimesikiliza. Hasagi.

Sisemi kitu. Sitaki hata kuandika.

Jumatano, 23 Machi

Karani ameacha kusukuma ukuta. Alikuwa amesimama katikati ya banda, miguu inatetemeka, shingo imenyooka, pua inahema juu. Juu! Anatafuta matiti. Amesahau ndoo, amesahau kila kitu nilichomfundisha, amerudi kuwa ndama wa siku ya kwanza. Njaa imemrudia.

Anahitaji vidole. Mabula akasema yeye hapana, hata akifukuzwa kazi. Sikumlaumu. Nikasimama pale na ndoo, ndama ananitafuta hewani, mimi nalia kwa woga.

Mzee Kanji akavua viatu. Akaingia kwenye mavi yale na nguo yake nyeupe, akapiga magoti, akachovya vidole vyake kwenye ndoo, akavitia kinywani mwa Karani. Nikaelewa tu, mbao ni zake, basi na vidole ni vyake. Lakini hajui! Kaviweka juu kwenye kaakaa, kavipanua, ndama akakaba, akakohoa, akarudi nyuma. Mzee akajaribu tena, vibaya zaidi. Ndama alikuwa anakata tamaa, niliona pua inaanza kushuka.

"Si hivyo, Mzee!"

Nikamsogeza kwa bega, mwajiri wangu, akakaa kwenye mavi. Nikatia mkono wa kushoto, usio na kidonda. Vidole viwili, vimeshikana, juu ya ulimi. Nikangoja.

Baridi. Kisha ulimi ukajikunja. Ukavifunga vidole kutoka chini, ukavuta. Akanyonya. Alinyonya mpaka bega likaniuma. Nikashusha mkono polepole, polepole, akanifuata hadi ndani ya ndoo.

Amemaliza yote. Mzee Kanji alikuwa bado amekaa chini, miwani imepinda. Akasema, "Kunywa?" Nikasema, "Amekunywa, Mzee." Akashika kichwa chake kwa mikono yote miwili. Mabula akawa anaruka nje ya uzio kama mtu aliyekanyaga siafu.

Ijumaa, 25 Machi

Karani ananiona. Nimepitisha mkono, amepepesa. Macho yake yamerudi na dharau zake zote. Bwana mifugo amemtazama pande zote, akampapasa, akacheka peke yake. Amesema mnyama mwenye kichaa hafanyi hivi, hata mmoja. Na kama Karani alikuwa anakula rangi, Kidoti alikula zaidi, ukuta wenyewe unaonyesha. Amemwandikia dresa.

Meli imeleta sanduku. Petro alilibeba kichwani kweli, hospitali nzima ikamcheka. Dresa amesema kwangu halina kazi tena, atalitunza kwa atakayelihitaji. Nikamuuliza tena kuhusu kunyonyesha. Safari hii alijibu ndiyo haraka, akaonekana kafurahi kupata swali analolijua jibu lake.

Jioni sikumchukua Kabula. Nilisema nimechoka. Ukweli niliogopa, lakini woga mwingine. Niliogopa hatanitaka.

Jumapili, 27 Machi

Kanisani asubuhi. Sikujipima kwa maji. Nilikumbuka tu nilipokuwa njiani kurudi.

Mayu akanipa mtoto akatoka nje, akajifanya anaanika dagaa. Kabula alinikalia mapajani akanitazama kama mgeni. Nikafungua gauni. Aliangalia titi, akaangalia pembeni, akaanza kutafuta kikombe. Maziwa yamepungua lakini yapo, yalianza kudondoka. Hakujua ni ya nini.

Nikakaa. Kisha nikachovya kidole kwenye maziwa yangu mwenyewe, kile cha shahada, kovu lake bado jekundu. Nikampa. Hicho alikijua. Akakishika kwa mikono miwili, akanyonya, macho yakaanza kulegea. Nikakivuta polepole kuja kwangu. Naye akafuata. Alipofika kwenye titi nikakitoa.

Aliniuma, na vijino vyote viwili. Sasa amelala, mdomo wazi, naandika kwa mkono mmoja.

Mvua imeanza tena. Mchana nilimwambia Mzee Kanji kwamba yule mchanga arudi kwa mama yake mpaka wiki ijayo, sitampa ndoo kwanza. Akakubali. Ndoo yake nimeiosha, nimeifudikiza juu ya uzio.